Kufaili kodi Marekani baada ya talaka: nani amwandike mtoto, nani ajiandike mkuu wa kaya

Wazazi wameachana, mtoto analala huku na kule, na Januari ikifika kila mmoja anataka kumwandika kwenye ritani yake, yaani fomu yake ya kodi ya mwaka. Sheria ya kodi ya Marekani ina jibu, lakini jibu hilo haliko kwenye hukumu ya talaka. IRS, idara ya kodi ya Marekani, inahesabu mtoto alilala wapi. Hakimu akiandika kwamba baba atamwandika mtoto miaka ya shufwa na mama miaka ya witiri, amri hiyo inawafunga wazazi wawili tu. IRS haimo. Ugomvi mwingi wa kodi baada ya talaka unaanzia kwa mzazi kushika nakala ya hukumu na kudhani kazi imekwisha.

Tarakimu zilizomo humu ni za mwaka wa kodi 2025, ambao ritani yake inawasilishwa kufikia 15 Aprili 2026. Viwango hupanda kila mwaka, ila utaratibu wenyewe ni wa muda mrefu. Haya yote ni kodi ya serikali kuu. Jimbo lako huenda lina ritani yake, na nyingi hufuata matokeo ya ritani ya serikali kuu.

Hatua ya 1: Tarehe 31 Desemba ulikuwa nani?

Hali yako ya ndoa siku ya mwisho ya mwaka ndiyo hali yako ya mwaka mzima. Hukumu ya talaka ikitoka na kuwa ya mwisho tarehe 30 Desemba, sheria inakuhesabu hukuwa na ndoa tangu Januari. Ikitoka tarehe 3 Januari, mwaka uliopita wote ulikuwa na mume au mke, hata kama mlitengana vyumba miaka mitatu iliyopita. Amri ya muda, ile inayosubiri kukamilishwa, haihesabiki. Amri ya mahakama ya kutengana kisheria inahesabika.

Hapa Waswahili wengi hujikwaa. Talaka iliyotamkwa mbele ya shehe, au ndoa iliyovunjwa na wazee wa pande mbili, bila amri ya mahakama ya jimbo, haikutoi kwenye ndoa machoni pa IRS. Vivyo hivyo ndoa halali iliyofungwa Mombasa au Dodoma ni ndoa hata kama hamkuwahi kuisajili Marekani. Kuandika Single, yaani asiye na ndoa, kwa sababu “hapa hakuna anayejua nimeoa” ni kuandika uongo kwenye hati unayoitia saini chini ya adhabu ya kiapo cha uongo.

Aliyekwisha kupata talaka ana milango miwili: Single au Head of household, yaani mkuu wa kaya. Ambaye bado yuko kwenye ndoa ana Married filing jointly, Married filing separately, na mlango wa tatu ambao watu wengi hawaujui: kuhesabiwa kama asiye na ndoa, na hivyo kufaili kama mkuu wa kaya kabla talaka haijatoka. Masharti yake ni haya, na yote yatimie:

– unafaili ritani yako peke yako;
– umelipa zaidi ya nusu ya gharama za kuendesha nyumba yako mwaka huo;
– mwenzako hakuishi ndani ya nyumba hiyo hata siku moja kuanzia 1 Julai hadi 31 Desemba;
– nyumba hiyo ilikuwa makao makuu ya mtoto wako kwa zaidi ya nusu ya mwaka;
– unaweza kumwandika mtoto huyo kuwa mtegemezi, au kinachokuzuia ni kimoja tu: umemwachia mzazi mwenzako haki hiyo kwa fomu 8332.

Sharti la tatu ndilo linaloangusha watu. Mume aliyehama tarehe 8 Julai ameharibu mwaka mzima. Na mume aliyesafiri kwenda Dar kwa biashara, au kwa matanga, akitarajiwa kurudi, hajahama. Sheria inamhesabu bado yumo ndani. Nguo zake kabatini na barua za benki zinazoendelea kufika kwenye anwani hiyo zitaulizwa siku ya ukaguzi.

Kama masharti hayatimii, unabaki na kufaili pamoja au kila mtu peke yake mkiwa wanandoa. Kufaili peke yako ukiwa mwanandoa mara nyingi ndiyo hali ghali kuliko zote. Kufaili pamoja hupunguza kodi, lakini kila mmoja anabeba deni lote la ritani hiyo, pamoja na kodi ya mapato ambayo mwenzako aliyaficha. Kama mzazi mwenzako anaendesha Uber, ana duka, au ana biashara yoyote ya pesa taslimu ambayo hujawahi kuona vitabu vyake, nafuu ya kufaili pamoja haifai hatari hiyo.

Hatua ya 2: Hesabu usiku, si siku

Mzazi mlezi kwa mujibu wa IRS ni yule ambaye mtoto alilala kwake usiku mwingi zaidi katika mwaka. Neno “joint custody”, yaani malezi ya pamoja, kwenye hukumu halina uzito hapa. Wala haijalishi nani analipa ada ya shule au nani anatoa matunzo ya mtoto kila mwezi.

Mtoto anahesabiwa kulala kwako akilala nyumbani kwako, uwepo usiwepo, au akilala mahali pengine akiwa nawe, kwa mfano hotelini mkiwa safarini. Akilala kwa rafiki yake, kambini, au kwa bibi yake, usiku huo unahesabiwa kwa mzazi ambaye kwa kawaida angelala kwake. Kwa hiyo mtoto aliyepelekwa Arusha kwa bibi wiki tano za kiangazi haondoki kwenye hesabu: angalia ratiba, usiku upi ulikuwa wa mama na upi wa baba, na ugawe hivyo. Ratiba isipoweza kuonyesha ulikuwa wa nani, usiku huo hauhesabiwi kwa yeyote. Usiku wa kuamkia mwaka mpya ni wa mwaka ulioanzia: usiku wa 31 Desemba 2025 ni wa 2025.

Mwaka wa siku 365 hauwezi kugawika sawa. Mmoja atakuwa na usiku 183 na mwingine 182, isipokuwa kama kuna usiku usio wa mtu. Kwenye ratiba ya wiki kwa wiki, kila mzazi anapata wiki 26, yaani usiku 182, na usiku mmoja unaobaki ndio unaoamua. Wazazi wengi hawajui kwamba wanapobadilishana wikiendi moja ya Novemba kwa sababu ya harusi, wanabadilishana pia maelfu ya dola. Mwaka mrefu wenye siku 366, kama ulivyokuwa 2024 na utakavyokuwa 2028, unaweza kutoka 183 kwa 183. Hapo mzazi mlezi ni mwenye AGI kubwa zaidi, yaani jumla ya mapato baada ya marekebisho, mstari wa 11 wa fomu 1040, ambayo ndiyo ritani yenyewe. Lakini sare si nzuri kwa yeyote, kwa sababu ukuu wa kaya unadai zaidi ya nusu ya mwaka, na 183 katika 366 ni nusu kamili.

Kuna kanuni ya wafanyakazi wa usiku, nayo inawahusu wengi wetu walioko kwenye nyumba za wazee, hospitali na maghala. Kama unafanya kazi usiku na kwa sababu hiyo mtoto anakuwa kwako mchana mwingi zaidi lakini analala kwa mwenzako, wewe ndiwe mzazi mlezi. Siku ya shule, mtoto anahesabiwa anaishi kwenye anwani iliyoandikishwa shuleni, kwa hiyo hakikisha anwani hiyo ni ya kwako.

Namna ya kuhesabu: chukua kalenda ya mwaka mzima, ya karatasi au ya simu, na uweke alama moja kwa kila usiku. Usikadirie kwa “kawaida yetu ni nusu kwa nusu.” Pitia ujumbe wa WhatsApp wa kupanga nani anamchukua mtoto lini, tarehe za likizo, na tiketi za ndege. Andika jumla ya kila mwezi pembeni. Kalenda iliyojazwa usiku baada ya usiku ina nguvu zaidi mbele ya mkaguzi kuliko ile iliyojazwa yote Aprili kwa kalamu moja.

Kanuni hizi za mlezi na asiye mlezi zinawahusu pia wazazi ambao hawakuwahi kuoana, mradi waliishi mbalimbali miezi sita ya mwisho ya mwaka.

Hatua ya 3: Je, unastahili kuwa mkuu wa kaya?

Tofauti si ndogo. Kwa mwaka 2025 makato ya kawaida, yaani kiasi cha mapato kisichotozwa kodi, kwa Single ni dola 15,750. Kwa mkuu wa kaya ni 23,625. Ngazi ya kodi ya asilimia 10 inaishia dola 11,925 kwa Single na 17,000 kwa mkuu wa kaya. Ndiyo maana kila mzazi anataka kisanduku hicho.

Masharti ni matatu: tarehe 31 Desemba hukuwa na ndoa, au unahesabiwa hivyo kwa kanuni za hatua ya 1; mtoto aliishi nawe zaidi ya nusu ya mwaka; na wewe ndiwe uliyelipa zaidi ya nusu ya gharama za nyumba.

Kwenye gharama za nyumba unaweka pango au riba ya mkopo wa nyumba, kodi ya jengo, bima ya nyumba, matengenezo, umeme, maji, gesi, na chakula kinacholiwa nyumbani. Huweki nguo, ada, matibabu, likizo, bima ya maisha, wala nauli na mafuta ya gari. Watu hujumlisha gari na viatu vya shule, wakapata tarakimu kubwa isiyo na maana. Pesa za msaada wa serikali kama TANF zilizolipa sehemu ya pango unaziingiza kwenye jumla ya gharama, ila huzihesabu kama ulizolipa wewe. Matunzo unayopokea ya mtoto si mapato yako na hulipii kodi, na kwa anayeyatoa hayakatwi kwenye mapato yake.

Ukikaa na dada yako au mama yako na yeye ndiye anayelipa pango, piga hesabu kwa makini. Mama anayeishi kwenye nyumba ya kaka yake, akichangia dola 500 kati ya gharama za dola 2,400 kwa mwezi, si mkuu wa kaya, hata kama mtoto analala naye kila usiku. Na bibi akiwa ndani ya nyumba, hawezi kumwandika mjukuu kwa kuwa tu ametia sahani mezani: kama mzazi anaweza kumwandika mtoto na hakufanya hivyo, mwingine anaweza tu ikiwa AGI yake inazidi ya mzazi yeyote anayestahili.

Wenye watoto wawili wanaweza wote wawili kuwa wakuu wa kaya, kila mmoja kwa mtoto wake, ikiwa kweli kila mtoto alilala zaidi ya nusu ya mwaka kwa mzazi huyo. Si kwa kugawana kwenye karatasi. Kama watoto wote wawili wana ratiba moja ya kuhama pamoja, mzazi mlezi ni mmoja kwa wote.

Hatua ya 4: Kinachoweza kuhamishwa na kisichohamishika

Hili ndilo jambo linaloharibika zaidi, hata mikononi mwa watayarishaji wa kulipwa. Mzazi mlezi anaweza kumwachia mwenzake haki ya kumwandika mtoto kuwa mtegemezi. Lakini haki hiyo ikihama, haiondoki na kila kitu.

Vinavyohama ni nafuu ya kodi ya mtoto, inayojulikana kama CTC, ambayo kwa 2025 ni hadi dola 2,200 kwa mtoto aliye chini ya miaka 17; sehemu yake inayorejeshwa hata kama huna kodi ya kulipa, hadi dola 1,700; na ile ya dola 500 kwa mtegemezi mwingine, kwa mfano kijana wa miaka 17. Nafuu za masomo ya chuo nazo humfuata anayemwandika mtoto.

Visivyohama kamwe ni ukuu wa kaya, EITC ambayo ni nafuu ya wenye mapato ya kazi ya kiasi, na nafuu ya gharama za deikea kwa mtoto aliye chini ya miaka 13, inayohesabiwa kwenye gharama zisizozidi dola 3,000 kwa mtoto mmoja na 6,000 kwa wawili au zaidi. Hivi hubaki kwa mzazi ambaye mtoto alilala kwake zaidi ya nusu ya mwaka, basi. Baba aliyepewa fomu 8332 na kuandika Head of household kwa sababu “nimemwandika mtoto” amejiitia barua ya IRS.

EITC ina masharti yake ya ziada. Wewe na mtoto lazima muwe na namba ya Social Security inayoruhusu kazi; ITIN, namba ya kodi ya wasio na Social Security, haitoshi. Mtoto lazima awe ameishi nawe ndani ya Marekani zaidi ya nusu ya mwaka, kwa hiyo mtoto aliyekaa Kampala kwa shangazi tangu Machi hakupi EITC. CTC nayo, kuanzia 2025, inadai mzazi anayeidai awe na namba ya Social Security, pamoja na mtoto.

Gharama za matibabu ni mlango mwingine: mzazi yeyote kati ya wawili anaweza kukata alizolipa yeye, haijalishi nani amemwandika mtoto, mradi anaorodhesha makato yake badala ya kutumia yale ya kawaida. Na kama mtoto yuko kwenye bima ya afya ya mama iliyonunuliwa Marketplace, soko la bima la serikali, lakini baba ndiye amemwandika, kuna hesabu ya kugawana nafuu ya bima hiyo kwenye fomu 8962, na wote wawili huihitaji fomu 1095-A ya bima hiyo. Wengi huliona hili baada ya ritani kukwama.

Hatua ya 5: Fomu 8332, na namna ya kuitia saini bila kujuta

Mzazi asiye mlezi hawezi kumwandika mtoto bila fomu hii. Ukurasa wa hukumu hautoshi kwa talaka yoyote iliyotoka baada ya 2008. Fomu ni fupi: jina na namba ya Social Security ya mzazi anayeachiwa, jina la mtoto, mwaka, saini yako, namba yako, tarehe. Kila mtoto na fomu yake.

Ina sehemu tatu. Ya kwanza ni ya mwaka mmoja. Ya pili ni ya miaka ijayo, ambapo unaweza kuitaja miaka au kuandika miaka yote ijayo. Ya tatu ni ya kuirudisha haki uliyoachia.

Tia saini sehemu ya kwanza tu, mwaka baada ya mwaka. Wanasheria wa upande wa pili hupenda sehemu ya pili yenye “all future years”, na mzazi aliyechoka na kesi hutia saini ili amalize. Miaka minne baadaye matunzo hayaji, na fomu bado inafanya kazi. Ukitaka kuirudisha, ubatilisho hauanzi hapo hapo: ukimpa mwenzako notisi 2026, unaanza na mwaka wa kodi 2027. Utaweka ushahidi kwamba ulimpelekea nakala, mfano stakabadhi ya barua ya kusajiliwa, na utaambatanisha nakala ya ubatilisho kwenye ritani yako kila mwaka unaomdai mtoto.

Fomu haikubali masharti. Huwezi kuandika pembeni “akilipa matunzo yote.” Kama makubaliano yenu yana sharti hilo, ulinzi wako ni kusubiri Januari, uangalie malipo yote 12 yamefika, ndipo utie saini sehemu ya kwanza kwa mwaka uliokwisha. Mwambie wakili wako aiandike hivyo hivyo kwenye makubaliano: fomu itatolewa kufikia tarehe 31 Januari iwapo matunzo yote ya mwaka yamelipwa.

Na kama wewe ndiwe mzazi asiye mlezi, hukumu inasema mwaka huu ni wako, na mwenzako anakataa kutia saini? Usimwandike mtoto. Rudi kwenye mahakama ya familia iliyotoa amri na uombe itekelezwe. Hakimu ana uwezo wa kumlazimisha au kumfidisha. IRS haina, na haitasikiliza.

Hatua ya 6: Piga hesabu kabla ya kugombana

Tuseme mama ndiye mlezi, ana mtoto mmoja wa miaka 8, mshahara dola 38,000. Baba ana mshahara dola 60,000 na hana mtoto mwingine. Hakuna mapato mengine.

Mama akiwa mkuu wa kaya, mapato yanayotozwa kodi ni 38,000 kutoa 23,625, yaani 14,375. Kodi ni kama dola 1,437. Angeandika Single ingekuwa kama 2,431. CTC ya 2,200 inafuta kodi yote na kurejesha zilizobaki, karibu 763. EITC juu yake ni karibu dola 1,987. Akimtilia baba saini fomu 8332, anapoteza ile 2,200 tu. Ukuu wa kaya na EITC vinabaki kwake.

Baba akiwa Single analipa kodi kama dola 5,071. Akiwa na fomu, anatoa 2,200 na kubaki na 2,871. Akijiandika mkuu wa kaya kwa makosa atapunguza kama dola 1,046 zaidi, na hizo ndizo IRS itakazodai, pamoja na riba na uwezekano wa faini ya asilimia 20.

Kwa mapato hayo CTC ina thamani ile ile kwa wote wawili, kwa hiyo kusaini ni kumpa mtu zawadi ya dola 2,200. Lakini shusha mshahara wa mama hadi 12,000. Hana kodi ya kufuta, na sehemu inayorejeshwa inahesabiwa kwa asilimia 15 ya mapato ya kazi yanayozidi 2,500: dola 1,425. Kwake CTC ni 1,425, kwa baba ni 2,200. Hapo kuna dola 775 ambazo familia inaziacha mezani mama asiposaini. Wazazi wanaosikizana hukubaliana baba amrudishie mama ile 1,425 pamoja na sehemu ya hiyo 775, kwa maandishi, kabla fomu haijatoka mkononi mwa mama. Talaka nyingi hazina usikivu huo, lakini hesabu yenyewe inafaa kupigwa kila Januari.

Hatua ya 7: Kujaza ritani

Mzazi mlezi aliyetia saini 8332 hamwachi mtoto nje kabisa. Programu ya kufaili itauliza kama kuna makubaliano ya kumwachia mzazi mwingine, jibu ndiyo. Mtoto ataondoka kwenye CTC lakini atabaki kwa ukuu wa kaya na EITC. Jina lake linaandikwa kwenye nafasi iliyo chini ya hali ya kufaili, ile ya mtoto anayekustahilisha ambaye si mtegemezi wako, na Schedule EIC inajazwa. Ukimfuta mtoto kwenye programu kwa sababu “mwaka huu ni wa baba yake”, unajishusha hadi Single na kupoteza EITC yote.

Mzazi asiye mlezi anaingiza mtoto, anajaza miezi aliyoishi naye kwa ukweli, na anaambatanisha 8332 kila mwaka anaoidai haki hiyo. Kwa ritani ya kielektroniki, fomu inaambatanishwa kama PDF kama programu inaruhusu, au inatumwa kwa posta chini ya fomu 8453.

Ukimtumia mtu wa kukujazia, angalia kama anakuuliza swali moja kabla hajafungua kompyuta: mtoto alilala kwako usiku wangapi? Asipojali jibu, ondoka. Sheria inamtaka akuulize maswali ya uthibitisho na kujaza fomu 8867. Anayekuahidi marejesho makubwa kwa kukata asilimia yake, halafu asiweke saini yake kwenye ritani, atakuwa hayupo barua ikija. VITA ni msaada wa bure wa kujaza ritani unaoendeshwa na watu wa kujitolea waliofunzwa, na mara nyingi upo maktaba na vituo vya jamii.

Marejesho yenye EITC au sehemu ya CTC inayorejeshwa hayatoki kabla ya katikati ya Februari, hata ukifaili siku ya kwanza. Hilo ni sheria, si ritani yako kukwama.

Hatua ya 8: Mzazi mwenzako amekutangulia

Unafaili, na programu inarudisha ritani kwa msimbo R0000-507-01: namba ya mtoto imeshatumika kwenye ritani nyingine. Usiondoe mtoto ili ritani ipite. Kama wewe ndiwe mlezi na hukutia saini chochote, faili kama ilivyo. Una njia mbili: karatasi kwa posta, au kielektroniki ukiwa na IP PIN, namba ya siri ya tarakimu sita ambayo IRS humpa mlipa kodi kupitia akaunti yake ya mtandaoni. Tangu ritani za mwaka wa kodi 2024, IRS hupokea kielektroniki ritani yenye mtegemezi aliyekwisha kuandikwa kwingine, ikiwa mwenye ritani ana IP PIN halali.

Baada ya miezi kadhaa, wazazi wote wanaweza kupata barua CP87A. Barua hiyo haikutuhumu. Inasema mtoto ameandikwa mara mbili, na aliyekosea arekebishe kwa fomu 1040-X. Kama uko sahihi, huna la kufanya zaidi ya kukusanya hati. Wote wawili wakinyamaza, ukaguzi unafuata, na hapo fomu 886-H-HOH na 886-H-EIC huorodhesha ushahidi unaotakiwa.

Ushahidi unaofanya kazi una vitu vitatu kwenye ukurasa mmoja: jina la mtoto, anwani yako, na tarehe za mwaka unaohusika. Rekodi ya shule ni bora kuliko yote, ila mwaka wa masomo hukatika katikati, kwa hiyo omba rekodi za miaka miwili ya masomo ili zifunike Januari hadi Desemba. Barua ya daktari wa mtoto, deikea, mwenye nyumba, msikiti au kanisa inakubalika ikiwa kwenye karatasi yenye nembo na saini, ikisema mtoto aliishi anwani gani kutoka tarehe ipi hadi ipi. “Namfahamu mama huyu, ni mwema” haisaidii. Kwa ukuu wa kaya ongeza risiti za pango, bili za umeme na maji, na hukumu ya talaka yote, si ukurasa wa kwanza pekee.

Aliyedai bila kujali kanuni anaweza kufungiwa EITC na CTC kwa miaka 2. Aliyedanganya kwa makusudi, miaka 10. Aliyekataliwa mara moja huambatanisha fomu 8862 anapodai tena.

Kama mzazi mwenzako hufanya hivi kila mwaka, mwombee mtoto IP PIN yake. Bila namba hiyo ritani ya kielektroniki inayomtaja itakataliwa. Ukimtilia saini 8332 siku za mbele, utampa na namba hiyo ya mwaka husika. Hubadilika kila Januari.

Hatua ya 9: Kazini, jina na anwani

Wiki hukumu inapotoka, jaza W-4 mpya kwa mwajiri, fomu inayomwambia akukate kodi kiasi gani kwenye mshahara. Wengi huiacha ile ya ndoa, wanakatwa kodi kidogo mwaka mzima, na Aprili wanadaiwa. Weka alama ya mkuu wa kaya kwenye hatua ya 1(c) ikiwa unastahili, na kwenye hatua ya 3 andika mtoto mwaka ambao ni wako tu. Mzazi wa miaka ya witiri akiacha mtoto kwenye W-4 mwaka wa shufwa, atadaiwa ile 2,200 mwisho wa mwaka.

Ukirudi kwenye jina la baba yako, badilisha kwanza Social Security, ndipo ufaili. Jina lisilolingana na rekodi yao huchelewesha ritani. Ukihama, fomu 8822 inaipeleka anwani mpya IRS, la sivyo barua zote hizi zitafika nyumba ambayo mtalaka wako ndiye anafungua sanduku la posta.